Toma, Baretta au Rockford: uanze na mpelelezi yupi?

Anayetaka kuzijua tamthilia za upelelezi za Marekani za miaka ya 1970 hutajiwa orodha ndefu hadi akachoka kabla hajaanza. Hapa nimechukua tatu tu. Sababu si kwamba ndizo bora kuliko zote, ila zina undugu ambao wengi hawaufahamu, na ukizijua hizi utakuwa umeelewa jambo kubwa kuhusu televisheni ya wakati ule.

Toma, kisa cha askari kanzu wa mji wa Newark, ilirushwa na kituo cha ABC kuanzia Oktoba 1973 hadi Mei 1974. Msimu mmoja, basi. Ilipendwa na watu wa kutosha, lakini ililaumiwa vikali kwa ukatili wake, wa majambazi na wa polisi pia. Baretta, iliyoanza Januari 1975 kwenye kituo kilekile, ni Toma iliyofumuliwa na kushonwa upya kwa ajili ya mwigizaji mwingine. The Rockford Files nayo, iliyoanza NBC Septemba 1974, chanzo chake ni hadithi iliyoandikwa ili iwe kipindi kimoja cha Toma. Roy Huggins, mtayarishaji wa Toma, alimpa Stephen J. Cannell kazi ya kuandika kisa ambamo mpelelezi wa kujitegemea angebeba mzigo mwingi na Toma mwenyewe aonekane kidogo. ABC hawakuitaka. Huggins na Cannell wakaihamishia kwingine, wakampata mwigizaji James Garner, na mengine yanajulikana.

Kuna uvumi kwamba lawama za ukatili ndizo zilizoiua Toma. Si hivyo hasa. Tony Musante, aliyekuwa stelingi, hakutaka kuendelea baada ya msimu wa kwanza, akaondoka. Kituo kilikuwa na jina zuri na malalamiko mengi mkononi, na ndipo likaja wazo la kumtafuta mtu mwingine na kupunguza makali. Hata hivyo lawama zenyewe hazikuwa ndogo. Mwaka 1972 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alikuwa ametoa ripoti iliyohusisha ukatili wa kwenye televisheni na tabia ya ugomvi kwa baadhi ya watoto, na Seneta John Pastore aliwaita wakubwa wa vituo wajieleze. Toma iliingia hewani moto ukiwa umeshawashwa. Zaidi ya hapo, mwanzoni iliwekwa Alhamisi saa mbili usiku, saa ambayo familia nzima iko sebuleni, huku kituo cha CBS kikionyesha The Waltons, kisa cha familia ya wacha Mungu wa milimani Virginia. Ungeweza kugeuza chaneli moja ukatoka kwenye sala ya chakula ukaingia kwenye uchochoro wa Newark mtu akipondwa. Januari 1974 ikasogezwa hadi Ijumaa saa nne usiku.

Tunazipima kwa vipi

Sizipimi kwa swali la "ipi kali zaidi". Hilo ni swali la utotoni, na majibu yake huishia kwenye ubishi. Nimetumia mambo manne. La kwanza ni kipigo: kinatoka kwa nani, kinamwangukia nani, na tamthilia inafanya nini baada ya hapo. La pili ni stelingi mwenyewe, kama ni mtu unayeweza kukaa naye jioni nyingi. La tatu ni mji na watu wa pembeni, kwa sababu tamthilia ndefu hubebwa na hao. La nne ni muda wako. Ipo inayomalizika ndani ya mwezi na ipo itakayokula miezi kadhaa.

TOMA

*Kipigo.* Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana ndipo ilipopata sifa na ndipo ilipopata kesi. Ukiiangalia leo, baada ya yote tuliyokwisha kuyazoea kwenye simu zetu, utajiuliza kelele zilikuwa za nini. Damu ni kidogo. Risasi hazinyeshi. Kilichowaudhi watu, kwa jinsi ninavyoiona, si idadi ya ngumi bali uzito wake. Katika tamthilia nyingi za polisi za kabla yake mtu alipigwa, akaanguka, tangazo la sabuni likaingia, na baada ya tangazo kila mtu amenyooka. Katika Toma, aliyepigwa anaumwa. Polisi anayepiga anaonekana kama mtu aliyekasirika, si kama mashine ya haki, na hilo lilisumbua kuliko ukatili wa majambazi. Mtazamaji alizoea ukatili wa adui, kwani adui ndiyo kazi yake.

Halafu kuna nyumbani. Toma ana mke, Patty, aliyeigizwa na Susan Strasberg, na watoto. Akirudi usiku na uso uliovimba, kuna mtu wa kumwona. Tamthilia haikuruhusu kipigo kiishie barabarani. Kwangu hilo ndilo jambo la heshima zaidi ndani yake, ingawa nakubali kwamba mzazi wa 1973 aliyekuwa na mtoto wa miaka minane kwenye kochi hakuwa na sababu ya kulishangilia.

Na kuna kinaya. David Toma alikuwa mtu halisi, askari kanzu wa Newark, New Jersey, aliyesifika kwa kukamata wahalifu kwa kujibadilisha sura kuliko kwa bastola. Baadaye alizunguka mashuleni akiwaonya vijana juu ya dawa za kulevya. Maisha ya mtu aliyejulikana kwa ujanja yakatoa tamthilia iliyojulikana kwa ubabe.

*Stelingi.* Musante ni mwigizaji wa kimyakimya mwenye macho yasiyotulia. Anapovaa matambara ya ombaomba, humwoni polisi aliyevaa nguo za maigizo, unamwona ombaomba. Hachekeshi sana. Hana msemo wake wa kukariri. Ukiwa mtu wa kupenda stelingi anayeingia chumbani na hewa ikabadilika, huyu atakupa shida, kwa sababu kazi yake ni kuingia chumbani bila mtu kugeuka. Kitu cha kufurahisha: David Toma halisi anajitokeza katika vipindi kadhaa kwa nafasi ndogondogo, na ukishajua sura yake unaanza kumwinda kila mahali.

*Mji na watu wa pembeni.* Newark ni mji ulioumia. Ghasia za Julai 1967 ziliua watu 26 na kuacha mitaa imeungua, na miaka sita baadaye jina lake peke yake lilitosha kumtisha Mmarekani wa kitongojini. Mkubwa wa Toma, Inspekta Spooner, anachezwa na Simon Oakland kwa sauti ya mtu anayetaka kukemea na kusifu kwa wakati mmoja. Nje ya hapo, watu wa pembeni ni wachache. Familia na kituo cha polisi vinajaza nafasi yote.

*Muda wako.* Filamu ya majaribio iliyorushwa Machi 1973 pamoja na vipindi 22 vya saa moja, matangazo yakiwemo. Kila kipindi kinajitegemea. Ukibahatika kupata vichache tu, angalia hivyohivyo, hutapotea.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujua lawama zilitoka wapi. Pia mtu anayependa kazi ya uigizaji kuliko mikimbizano ya magari. Haimfai anayetaka kucheka.

BARETTA

*Kipigo.* Ilitangazwa kuwa pole kuliko iliyotangulia, na kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo, lakini angalia inavyoanza: katika kipindi cha kwanza kabisa mchumba wa Baretta anauawa kwa risasi zilizokusudiwa kumpata yeye. Huo ndio "upole" wa 1975. Njia waliyoitumia kuzima malalamiko haikuwa kuondoa ngumi. Walimpa mpigaji moyo laini na utani, ili kila baada ya kofi kuna mzaha, na kila baada ya msiba kuna mzee au mtoto wa kukumbatiwa. Mtazamaji anasamehe haraka. Mimi nina shaka na njia hiyo, kwa sababu inafanya ngumi iwe tamu, lakini siwezi kukataa kwamba inafanya kazi.

Wakosoaji hawakulala. Kuanzia msimu wa 1975 vituo vikubwa vilikubaliana kwamba saa ya kwanza ya usiku, saa mbili hadi saa tatu, iwe ya familia. Baretta ikapangwa Jumatano saa tatu kamili, yaani mlangoni kabisa. Jaji wa shirikisho huko California aliutupa utaratibu huo mwaka 1976, ila mjadala haukuisha. Mwaka 1977 huko Miami wakili mmoja alimtetea kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji akidai kwamba amelewa televisheni. Aliyetajwa hapo alikuwa Kojak, mpelelezi wa tamthilia nyingine ya wakati huo, si Baretta. Baraza la wazee wa mahakama halikukubali. Lakini unaona hali ilivyokuwa, na kwa nini kila mwandishi wa tamthilia za polisi alikuwa anaandika akitazama nyuma.

*Stelingi.* Robert Blake alikuwa mwigizaji tangu utoto, na Tony Baretta wake ni mtu wa maneno, kofia na fulana, anayemtania kila mtu kuanzia kuwadi hadi mkubwa wake wa kazi. Ubadilishaji wa sura wa Toma umebaki, ila sasa ni burudani: unajua ni yeye, na raha iko kwenye kujua. Alipata tuzo ya Emmy mwaka 1975 kwa kazi hii. Misemo yake iliingia mtaani, hasa ule wa kwamba asiyeweza kifungo asifanye kosa, uliomo pia kwenye wimbo wa mwanzo ulioimbwa na Sammy Davis Jr.

Kuna jambo la nje ya tamthilia ambalo ni haki ulijue kabla ya kuchagua. Mke wa Blake alipigwa risasi na kufa mwaka 2001, Blake akashtakiwa kwa mauaji, na mwaka 2005 akaachiwa huru na mahakama ya jinai. Mwaka huohuo mahakama ya madai ilimwona anawajibika kwa kifo hicho. Alifariki Machi 2023. Wapo wanaoweza kutenganisha mtu na kazi yake, na wapo wasioweza kumwangalia akishika bastola kwa mzaha bila kukumbuka. Uamuzi huo ni wako.

*Mji na watu wa pembeni.* Mji hautajwi jina. Ni mji mkubwa wa mashariki mwa Marekani, ingawa jua la Los Angeles linausaliti mara kwa mara. Kinachoujaza ni watu: Billy Truman, polisi mstaafu anayechezwa na Tom Ewell, Rooster, kuwadi anayemletea habari za mtaani, chumba katika hoteli iliyochakaa, gari kuukuu la Chevrolet linalokohoa, na Fred, kasuku mweupe mwenye kishungi ambaye huenda anakumbukwa kuliko polisi wote waliomo. Jinsi Rooster na baadhi ya watu weusi na Walatino walivyochorwa kuna mahali panakera leo. Toma nayo haijasafika katika hilo, lakini Baretta inaufanya mtaa kuwa uwanja wa vichekesho na kasoro inaonekana zaidi.

*Muda wako.* Misimu minne, vipindi 82, ilimalizika 1978. Msimu wa kwanza ni mfupi na ulishatolewa kwenye DVD, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuonja.

*Inamfaa nani.* Mtu anayependa stelingi mwenye kelele na roho nzuri, aliyekulia kwenye picha ambazo watazamaji wanamshangilia stelingi kwa jina. Ukikaa na wazee waliokuwa vijana wakati ule, hii itawapa cha kuzungumza.

THE ROCKFORD FILES

*Kipigo.* Huku wamegeuza kabisa. Anayepigwa ni stelingi. Jim Rockford hula mkong'oto karibu kila kipindi: nje ya baa, kwenye maegesho, mlangoni kwake mwenyewe. Bastola anayo, lakini anaihifadhi kwenye kopo la biskuti na mara nyingi haichukui, kwa sababu hana kibali cha kutembea nayo na hapendi matatizo. Akirusha ngumi, anashika mkono wake akilalamika kwamba umeuma. Kwa hiyo vurugu zipo, na magari yanapondwa ya kutosha, ila hakuna anayetoka akitamani kuwa mbabe. Ni jibu la ujanja zaidi kwa malalamiko yaliyoiandama Toma: maumivu yamebaki, utukufu umeondolewa.

Wapo watakaosema hiyo ni kukwepa. Mtu anayepigwa kila wiki na bado anatania hajaumia kweli. Katika hilo Toma inaishinda Rockford, na nadhani haki itendeke isemwe.

*Stelingi.* James Garner. Ningeweza kuishia hapo. Rockford alifungwa miaka mitano San Quentin kwa kosa ambalo hakulitenda, akasamehewa, sasa anaishi kwenye trela ufukweni Malibu na kudai dola 200 kwa siku pamoja na gharama, ambazo wateja hawalipi. Ni mwoga kwa kiwango cha akili timamu. Anadanganya vizuri, na ana mashine ndogo ya kuchapa kadi za majina ya uongo. Garner alipata Emmy mwaka 1977 na tamthilia yenyewe ikapata ya tamthilia bora mwaka 1978. Alifanya mwenyewe mengi ya hatari mbele ya kamera hadi magoti yakamkataa, na hiyo ni sehemu ya sababu iliyoifanya ikome Januari 1980.

*Mji na watu wa pembeni.* Hapa ndipo ilipo nguvu yake. Baba yake, Rocky, dereva mstaafu wa malori, anayetaka mwanawe apate kazi ya maana. Sajini Dennis Becker, rafiki anayechoshwa na kuombwa msaada. Beth Davenport, wakili anayemtoa mahabusu. Na Angel Martin, mfungwa mwenzake wa zamani, ambaye angemuuza Rockford kwa bei ya kifungua kinywa kisha amwombe amlipie. Los Angeles inaonekana kama ilivyo, jua kali, barabara pana na watu wenye mikataba ya kijanja. Kila kipindi kinaanza na ujumbe mpya kwenye mashine ya simu, kwa kawaida wa mtu anayemdai. Miongoni mwa waandishi alikuwa David Chase, ambaye baadaye alibuni tamthilia ya The Sopranos.

*Muda wako.* Ndefu kuliko zote: misimu sita, vipindi zaidi ya 120, na filamu nane za televisheni zilizofuata kati ya 1994 na 1999. Misimu yote sita imetolewa kwenye DVD. Vipindi vingine vimegawanywa mara mbili, hivyo ukikuta mtu hajapatikana mwishoni, usikate tamaa, tafuta cha pili.

*Inamfaa nani.* Anayetaka tamthilia ya kuishi nayo, na nyumba zenye watoto wakubwa kidogo. Haimfai asiye na subira na visa vya hundi, bima na viwanja. Rockford anachunguza karatasi kuliko maiti.

Sasa, kulingana na hali yako

Ukiwa unaandika kitu au unafundisha kuhusu ukatili kwenye televisheni, usiruke Toma. Angalia vipindi viwili au vitatu, kisha kimoja cha mwanzo cha Baretta, na utaona kwa macho yako kituo kimoja kikijaribu kujibu lawama bila kupoteza wateja. Utaratibu huo unafundisha kuliko kuisoma mijadala yake.

Ukiwa na jioni moja tu na mwenzako hapendi picha za polisi, weka Rockford. Msimu wa kwanza au wa pili, kipindi chochote alichomo Angel.

Ukiwa na watoto nyumbani, si Toma. Kwa Baretta, pitia kipindi peke yako kwanza, kwa sababu kasuku anavuta watoto kuangalia mambo ambayo hayakuandikwa kwa ajili yao. Rockford kwa walio sekondari ni sawa, ingawa sigara na pombe zimejaa kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo.

Ukiwa wewe ni mwigizaji au unaandika tamthilia, anza na Musante ujifunze kutulia, kisha Garner ujifunze kushindwa kwa heshima. Blake atakuonyesha namna ya kubeba kipindi chote mabegani, pamoja na hatari yake: akishika mwigizaji mmoja kila kitu, waliobaki wanageuka kuwa samani.

Ukishindwa kuipata Toma, na huenda ukashindwa, Baretta ya msimu wa kwanza ndiyo iliyo karibu nayo zaidi kwa sura, kwa kuwa bado wanatafuta njia na makali ya zamani yamo. Kwa roho, iliyo karibu ni ile mikutano ya Rockford na baba yake baada ya kupigwa, mzee anapomtazama usoni na kuuliza kama amekula.